Upepo wa Ukumbini Kwetu

"Yaani makaa yangu yanachemshia manyoya ya bata, chai yenyewe bado!" mama alifoka.

"Kidogo tu, mama. Hivi ndivyo vya mwisho."

Upupu aliinamia sufuria, ameshika kinyoya juu ya mvuke. Kinyoya cha badminton, kile kinachopigwa kwa raketi badala ya mpira, kikikauka huvunjika upesi. Kikipata mvuke huvumilia. Jina la Upupu alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu hakuwahi kutulia mahali, na mpaka leo, msichana mzima, mguu mmoja ulikuwa ukicheza chini ya kiti.

Ilikuwa siku ya mchujo wa timu ya taifa. Mshindi angeingia kambini, alipwe mshahara, asafiri kucheza nje. Kwa Upupu maana yake ilikuwa moja tu: mama aache kushonea wenye maghala magunia, kazi iliyomla vidole.

Sasa, ukumbi wa klabu yao ulikuwa na madirisha upande mmoja, na yote hayana vioo. Katibu wa chama cha mchezo aliahidi kuyatengeneza kabla ya uchaguzi, akaahidi tena baada ya uchaguzi. Kuahidi kuna gharama gani? Mama akajitolea: "Nina magunia mabovu hapa, nitawashonea mapazia."

Kocha alicheka. "Acha, dada yangu. Upepo ule ni mchezaji wetu."

Na kweli walimchezesha. Upupu alijifunza kukipiga kinyoya nje ya mstari wa upande wa madirisha, upepo ukirudishe ndani. Wageni walikiacha kipite wakidhani kimetoka, wakabaki vinywa wazi, naye Upupu anacheka mpaka anakaa chini. Pale hakuna aliyemfunga. Kocha akaacha hata kumsumbua Katibu. Laiti angeendelea kumsumbua!

Ukumbi wa mchujo ulikuwa umefungwa kila upande. Hata pazia la mlangoni halikutikisika. Upupu alipangiwa msichana mwenye miwani kutoka klabu iliyokuwa ikifanyia mazoezi humo humo. Akapiga pembeni, pigo lake la siku zote.

"Nje!" akasema mwamuzi.

Akapiga tena.

"Nje!"

Wakati wa mapumziko Kocha alimpa maji. "Lenga ndani, binti yangu. Humu hakuna upepo."

"Najua, Kocha!"

Alijua, jamani. Mkono ndio haukujua. Seti ya kwanza ikaenda hivyo hivyo. Katika ya pili akaogopa mistari, akawa anapiga katikati, na mwenye miwani alikuwa anamngoja hapo hapo, anapiga kama anayeua nzi. Hata hivyo Upupu alikimbia, akajitupa, akainuka, akakaribia kusawazisha. Mara mpinzani akateleza. Pembeni kote kukabaki kutupu.

Upupu akapiga. Lilikuwa pigo zuri kuliko yote ya siku ile. Kwao wangesimama kushangilia kabla halijatua. Kinyoya kikashuka taratibu, kikatua kidole kimoja nje ya mstari. Mchezo ukaishia hapo.

Katibu alikuja akijifuta jasho kwa leso. "Binti, mbio unazo, nguvu unazo. Tatizo mstari huujui. Kocha wako hakukufundisha?"

Kocha aliangalia viatu vyake.

"Mstari naujua, mheshimiwa," Upupu alisema. "Madirisha yetu ndiyo hayana vioo."

"Aa, hilo lipo kwenye mipango," Katibu alijibu, akageuka kumpongeza mwenye miwani.

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Kocha akasimama. "Nisamehe. Nilipenda sana kushinda kwetu."

"Hata mimi nilipenda, Kocha," Upupu alisema, na hilo ndilo lililomuuma kuliko maneno ya Katibu. Kama angeweza kumlaumu mtu mmoja, labda angelala.

Mama alimwona usoni, akaweka sindano chini. "Pole, mwanangu. Njoo ukae."

"Mama, yale magunia mabovu bado yapo?"

"Magunia?" Mama alishangaa. "Si nilimpa muuza makaa, akanipa makaa? Wewe kila siku unataka mvuke. Na ninyi wenyewe mlisema upepo ni wenu."

Upupu aliliangalia jiko. Majivu ya asubuhi yalikuwa bado hayajazolewa.

"Haukuwa wetu, mama."

Akakaa kwenye kiti kile kile cha asubuhi. Mama alimsogezea kikombe cha chai, akamtazama mguu. Ulikuwa umetulia.