Matoleo Manne ya Shemeji

Mpiga chapa wa kiwanda cha sabuni hakuwa na mke, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na cheti ila kile cha shule ya jioni, wala hakuwa na adui kazini, kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu jambo. Alichokuwa nacho ni kamusi aliyoivalisha gazeti isichakae, na dada mmoja mdogo. Mume wa dada huyo, fundi wa boila, aliunguzwa na mvuke kiwandani Jumatatu, akafa kabla ya adhuhuri.

Walimzika Jumanne asubuhi. Mchana mpiga chapa akaandika taarifa kama mambo yalivyokuwa: vali ya boila ilikuwa mbovu, fundi aliripoti mara tatu, akaamriwa aendelee na kazi. Jioni hiyo, saa kumi na mbili, marehemu alirudi nyumbani kama kawaida yake. Alivua glavu, akazitundika msumarini, akamwambia mkewe kwamba ile vali alishawaambia. Mkewe akamwambia anajua, apumzike.

Jumatano meneja aliisoma taarifa akiwa amesimama. Hakutia sahihi.

"Mzee wangu, hii tuiandike upya. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Itakuwa uongo, bosi."

"Uongo ni neno kali. Si wewe ndiye msomi wetu? Hamna neno laini?"

Mpiga chapa alipenda kuitwa msomi. Alifungua kamusi ingawa hakuihitaji.

"Mitaani watu husema 'namna nyingine', au 'sura nyingine ya habari'. Lakini kwa maandishi ya ofisi, bora ni toleo. Kitabu kikirekebishwa huitwa toleo la pili, na hakuna anayekilaumu."

"Toleo!" Meneja alimpigapiga begani. "Basi nipe toleo la pili."

Toleo la pili lilisema fundi hakuvaa glavu. Jioni marehemu aliingia mikono mitupu, imebabuka mpaka viwikoni, na msumari ukutani haukuwa na kitu. Alhamisi meneja aliona glavu hazitoshi. Toleo la tatu likasema fundi alikuwa amelewa, na hilo meneja akalitia sahihi. Dada alimtumia kaka yake ujumbe aje ajionee.

Alimkuta shemeji yake amejinyoosha kwenye mkeka, ananuka pombe, anaimba.

"Miaka kumi na tisa hajaonja hata tone," dada alisema. "Kaka, unaniletea mwanamume gani huyu?"

"Si mimi. Ni ofisi."

"Vidole ni vya ofisi?"

Mlevi aliinua kichwa. "Mama watoto, usimsimange shemeji yangu. Mpe chai. Halafu unipe na mimi, ila yangu usiijaze, mikono inatetemeka." Akacheka peke yake, akalala.

Ijumaa meneja aliwaza tena. Makao makuu yangeuliza ni nani aliyemkabidhi mlevi boila. Toleo la nne likasema kiwanda hakikuwa na fundi wa jina hilo. Aliyeungua ni mpita njia aliyeingia bila ruhusa. Hili nalo meneja alilitia sahihi, kwa wino mweusi. Kesho yake barua itumwe makao makuu, na matoleo ya zamani yachanwe.

Jioni mpiga chapa alikwenda mwenyewe kwa dada yake. Saa kumi na mbili ilipotimu, mlango uligongwa.

"Hodi wenyewe."

Hakuwa amewahi kupiga hodi hapo. Mlango aliutengeneza yeye. Alisimama kizingitini, akaomba maji, akanywa bila kukaa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mama. Mungu akubariki wewe na mwenye nyumba." Alimpungia mpiga chapa kwa heshima, akashika njia.

Dada alikishikilia kile kikombe kwa muda mrefu.

"Barua ikishatumwa, atakayebaki ni yule wa mwisho?"

"Nadhani hivyo."

"Nitumie yule wa kwanza."

"Hana sahihi. Karatasi isiyo na sahihi huko haisomwi, inarudishwa kwa meneja."

Dada alifikiri. "Basi nitumie mlevi. Mlevi ananijua."

Jumamosi asubuhi meneja alikuwa kwenye simu, mlango wazi. Mpiga chapa alitoa karatasi nne kwenye mtoto wa meza. Aliisoma ile ya kwanza, akaificha ndani ya kamusi. Ya pili na ya nne alizichana vipande vidogo. Nje boila lilipuliza mvuke kupitia vali ileile, na fundi mpya, aliyeajiriwa Jumatano, alimwita mtu aje aiangalie. Akajibiwa aendelee na kazi, itaangaliwa.

Mpiga chapa alilikunja mara tatu toleo la tatu, lenye sahihi halali ya meneja, ambalo ndani yake shemeji yake alikuwa mlevi na kiwanda hakikuwa na kosa. Aliliingiza kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akamwita tarishi.

"Ina haraka, mzee?"

"Ifike kabla ya saa kumi na mbili," alisema mpiga chapa, akamkabidhi.