Mwanga wa Machimbo

Mhadhiri alifuta ubao kwa mkono wa shati, maana kifutio kilikuwa kimepotea tangu muhula uanze, akawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya nyota kwamba jicho halioni cha leo. Mwanga husafiri. Nyota unayoitazama ni ya zamani, na huenda yenyewe imeshazimika. Msichana wa mstari wa mbele, binti wa mvunja mawe, aliyaandika hayo, kisha akageuka dirishani. Ng'ambo ya bonde, kwenye machimbo ya mawe, alimwona baba yake akinoa patasi.

Baba huyo alifukiwa na mwamba binti akiwa bado shule ya msingi.

Akanyoosha mkono, akauliza kama umbali mfupi vile unaweza kuuchelewesha mwanga kiasi hicho. Mhadhiri akaja, akachungulia, akasema bonde lile lina vumbi zito, si ajabu. Kisha akaendelea na sayari.

Jumamosi binti alimleta mama yake. Mama alipanda kilima polepole, kigoda mkononi, akakaa chini ya dirisha la darasa akimtazama mumewe. Alisema tu kwamba amekonda kuliko anavyomkumbuka, na kwamba shati lile lilikuwa la kutiwa kiraka. Tangu hapo alikuja kila alipopata nafasi. Wanafunzi wakipita walimpa shikamoo.

Siku moja walimwona baba akimwita msimamizi na kumwonyesha ufa kwenye ukuta wa mwamba, mpana wa kuingiza mkono. Msimamizi aliuchungulia, akampigapiga baba begani, akamwonyesha kwa kidole arudi kazini. Sauti haikufika, wala haikuhitajika. Miaka yote familia iliambiwa mwamba uliporomoka bila dalili yoyote, kazi ya Mungu.

Wakaenda ofisini. Msimamizi yule sasa alikuwa meneja. Aliwapa viti, akakiri bila kubabaika kwamba hata yeye aliuona tena ufa ule mwaka juzi, akiwa kibarazani kwake. Nyumba yake iko karibu na machimbo kuliko chuo, kwa hiyo mwanga ulimfikia mapema.

"Yaliyopita si ndwele, mama," alisema.

"Ndwele iko palepale. Mwanangu wa kwanza anavunja mawe chini ya ukuta huohuo."

Meneja akasema kijana ni mchapakazi, na akichoka, wanaoitaka kazi wamejaa getini. Ilikuwa kweli, walikuwa wamepishana nao wakiingia.

Nyumbani, kaka aliyasikiliza yote huku akinawa vumbi masikioni. Hakubisha. Aliuliza tu nani atamlishia mwanawe, akaomba sabuni.

Asubuhi mwamba ulipomporomokea baba, mama na binti walikuwa kilimani. Uliporomoka kimyakimya, vumbi likatanda. Mama akauliza kama angemwita mapema mumewe angesikia. Binti akamweleza kwamba mwanga huja tu, haupeleki ujumbe. Mama akasema ameelewa; hata hivyo akamwita, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu aje kula.

Kisha akauliza kaka yuko wapi, mbona ni zamu yake na haonekani.

"Yupo, mama. Yuko chini ya ukuta," alisema binti. "Ila mwanga wake bado haujatufikia."