Kituo cha Tatu Hakikukanyagwa

Msimu ule wa besiboli wa mwaka 1952, mchezaji wa timu ya Puerto Hondo akipiga mpira ukavuka ukuta, hakuruhusiwa kuvizunguka vituo vinne na kujipatia alama yake tu. Ilibidi asalimu. Mkabala na kituo cha tatu palikuwa na jukwaa lenye pazia, na juu yake imetundikwa picha ya Mkuu wa Nchi. Chini ya picha aliketi Kanali Peguero, gavana wa jimbo, aliyeipenda timu ya nyumbani kama mtu apendavyo farasi wake wa mashindano. Mpigaji akifika hapo huvua kofia, huinamisha kichwa kuelekea picha, ndipo amalizie mbio zake. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Lakini mwezi Mei mchezaji mmoja wa kutoka milimani alisahau kusalimu, na mwezi Juni hakuwemo tena kikosini, wala hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Tancredo Phipps, ambaye wachezaji walimwita don Tan kwa heshima, alikuwa mwamuzi mkuu wa ligi. Baba yake alitoka visiwa jirani vilivyotawaliwa na Waingereza kuja kukata miwa, na ingawa Tancredo alizaliwa pale pale mjini, watu wakimkasirikia humkumbusha meli iliyomleta baba yake. Zamani alikuwa mdakaji hodari, yule achuchumaaye nyuma ya mpigaji, mpaka goti lilipomkatalia, ndipo akashika uamuzi. Mkewe, Hortensia, hakuchoka kumsihi asijitie katika mambo ya wakubwa. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Tancredo alikuwa ameubusu mkono ule miaka mingi: alisimama wimbo ulipopigwa, akapiga makofi penye makofi, akanyamaza penye kunyamaza. Ila ndani ya mistari ya chokaa hakubusu mkono wa mtu.

Mchezo wa mwisho wa msimu, Puerto Hondo walicheza na Santa Rita, na mshindi ndiye angechukua kombe. Walifika zamu ya tisa, iliyopaswa kuwa ya mwisho, wakiwa sare. Wenyeji walikuwa wameshatolewa wapigaji wawili. Wa tatu akitolewa, mchezo ungeingia zamu ya kumi. Aliingia Nino Severino, mpigaji wa mkono wa kushoto, mtu mpole asiyependa maneno. Aliuacha mpira wa kwanza upite. Wa pili aliupiga ukaenda zake juu ya ukuta, ukapotelea mashambani kwenye miwa.

Uwanja ulilipuka kwa kelele. Kanali alisimama. Severino akazunguka kituo cha kwanza, akazunguka cha pili, na alipokikaribia cha tatu akavua kofia, akageuza uso kuelekea kwenye picha, akainama. Watu wote wakatazama jukwaa kama walivyozoea. Tancredo alitazama miguu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mguu wa Severino ulipita pembeni ya kituo, ukakanyaga mchanga mtupu, naye akamalizia mbio zake kwenye kituo cha nyumbani, pale alipopigia mpira.

Besiboli ina sheria yake hapo. Mkimbiaji akiruka kituo, mwamuzi hasemi neno mpaka wapinzani wenyewe wadai haki yao, na kuidai ni kuupeleka mpira kwenye kituo kile kilichorukwa. Wasipodai, limepita. Tancredo akanyamaza, na katika kunyamaza kule akajikuta anaomba wasidai. Aliona haya kwa ombi hilo, lakini aliliomba.

Mlinzi wa kituo cha tatu wa Santa Rita alikuwa Mkuba wa kukodiwa, Wenceslao Pozo. Alikuja taratibu, mikono kiunoni.

"Don Tan, mpe mrushaji wetu mpira mwingine. Yule bwana kakiruka kituo changu kama dimbwi la maji."

Kocha wake alimvuta shati, akamnong'oneza kwamba kombe si roho.

"Wewe kwako ni hapa, kocha, nakuelewa," alisema Pozo. "Mimi kesho naamkia Havana. Nisiposema mimi atasema nani?"

Tancredo akatia mkono mfukoni, akatoa mpira mpya, akampa mrushaji. Mrushaji, mwenyeji wa nchi, aliupokea kama kaa la moto, akautupa haraka kwa Pozo. Pozo akakanyaga kituo, akauinua mpira juu ili mwamuzi auone.

Tancredo akainua ngumi, kidole gumba juu. "Nje," alisema. Severino akawa wa tatu kutolewa, na alama yake haikuhesabiwa.

Kisha matusi yakamiminika. Mmoja alimwambia apande meli ya baba yake arudi kwao. Mwingine aliomba watu wachange wamnunulie miwani.

Kapteni Luna, msaidizi wa Kanali, akashuka jukwaani, buti zake zikaukanyaga mstari wa chokaa. Alizungumza kwa upole. Alisema jua lilikuwa kali, kila mtu hukosea, na mwamuzi msaidizi hakuona kitu. Hilo la mwisho lilikuwa kweli: mwamuzi msaidizi alikuwa ameshika kofia kifuani, macho kwenye picha.

"Sasa nieleze, Phipps," alisema Kapteni. "Kumsalimu Mkuu siku hizi ni kosa?"

Tancredo aliuona mtego. "Kusalimu si kosa, Kapteni. Kosa ni kuruka kituo. Angesimama juu yake akasalimu mpaka jioni, mimi ningemngoja."

Kwenye benchi mtu alicheka, akakimeza kicheko chake.

"Mchezo umekwisha. Wenyeji wameshinda. Nenda nyumbani wakati bado una nyumba."

"Haujaisha. Ni zamu ya kumi. Wenyeji wasipoingia kucheza, kombe nawapa Santa Rita, hapa hapa, mbele ya picha."

Kapteni akarudi jukwaani. Benchi la wenyeji halikutikisika. Tancredo akainama, goti likimuuma, akasafisha kituo cha nyumbani kwa brashi, akasimama akingoja.

Aliyetoka kwanza alikuwa Severino, glavu mkononi. Alipompita mwamuzi alipunguza mwendo.

"Sikukikanyaga, don Tan."

"Najua. Wakikuuliza, waambie mwamuzi kipofu. Una watoto, mwanangu."

"Nimeshawaambia ukweli pale benchi," alisema Severino, akaenda zake peke yake mpaka karibu na ukuta, akasimama mahali pake pa kulinda. Uwanja wote ulimtazama mtu yule mmoja. Kisha mdakaji akatoka akivuta miguu, kisha mrushaji, na wengine wakafuata.

Pazia la jukwaa lilikuwa limefungwa. Askari wawili walikuja wakasimama mlangoni pa chumba cha waamuzi, bunduki begani. Tancredo aliwaona vizuri. Akavaa barakoa yake, akaikaza mikanda, akachuchumaa nyuma ya mdakaji na kuamuru mchezo uendelee.

Mpira wa kwanza wa mrushaji wa Puerto Hondo ulipita chini ya goti la mpigaji wa Santa Rita. Ulikuwa mbaya, wa kuhesabiwa dhidi ya wenyeji, naye Tancredo akatangaza kwamba ni mbaya, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni walikosimama wale askari.