Eka Zilizobaki Njiani

Haya kaniambia Rosemary mwenyewe, mke wa marehemu mwanangu, siku ya Alhamisi kabla ya Jumapili ya pili ya Majilio, alipopita kwangu hapa Maposeni bado amejaa hasira.

Asubuhi hiyo orodha ya mbolea ilibandikwa mlangoni pa ghala. Rosemary analima eka nne. Kaandikiwa nusu eka, mfuko mmoja. Aurelia wa kule mtoni, mwenye nusu eka, kaandikiwa nne, mifuko minane. Na Aurelia ni shangazi yake Pankrasi, katibu wa kikundi chetu cha wakulima, aliyeiandika orodha. Mvua imeshaanza, na orodha inatumwa Songea saa sita.

Pankrasi alipomwona mlangoni pa ofisi ya kikundi akasema shikamoo. Rosemary hakuitikia.

"Eka zangu umempa shangazi yako."

"Mama, sijampa mtu. Ni kompyuta. Fomula inazidisha eka mara mbili, inatoa mifuko. Haikosei."

"Nakuuliza eka, unanijibu mifuko. Fungua hiyo kompyuta."

Akafungua, akaanza kumfundisha kama mtoto wa chekechea. Vyumba hivi vidogo ni seli. Mstari unaolala ni wa mtu mmoja: jina lake, eka zake, mifuko yake. Safu inayosimama ni ya jambo moja: majina huku, eka huku.

"Kumbe unajua. Sasa mstari wa mzee Aidan una eka tano. Aidan analima wapi hizo, juu ya paa?"



Rosemary akaweka kidole kwenye safu ya eka, akashuka nayo. Tano. Nne. Mbili na nusu. Akazijua. Pankrasi alipoandika watu daftarini alipita nyumba kwa nyumba, toka kanisani mpaka mtoni: tano za Kunegunda, nne zake yeye, mbili na nusu za Remmy, na mwisho kabisa nusu ya Aurelia.

"Eka hazijatoka njiani, bado zimepangwa nyumba kwa nyumba. Umehamisha majina tu."

"Ofisi ya Songea walitaka kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina, nikapanga."

"Ukahamisha watu ukaacha vitanda. Rudisha."

"Nimeshahifadhi, nikafunga. Hairudi. Na daftari tumewashia moto."

Hapo alitaka kumpiga, anasema. Badala yake akavuta kigoda.

"Andika. Kunegunda. Mimi. Remmy."

Akamtajia njia yote, watu ishirini na wanane, kila jina mbele ya eka zake. Pankrasi akiruka nyumba, anafokewa.

"Sasa chagua jedwali zima, jina mpaka mfuko, ndipo upange. Mbele yangu."

Safari hii kila jina likahama na eka zake. Rosemary akawa wa mwisho: eka nne, mifuko minane. Ikatumwa saa tano na robo.

"Nisamehe, mama."

"Kabandue ile ya ghalani kwanza. Shangazi yako akuone."

Kwangu hakugusa hata chai. Akajilaza mkekani akinung'unika, nusu eka, mimi nusu eka, mvua inapiga bati, mpaka usingizi ukamchukua na ngumi yake imefumbwa.