Pini za Mzee Filipo

Nilibakiwa na siku moja ya kuiokoa kompyuta yangu. Meneja Castory alikwisha apa: mizani ya zabibu ya ushirika wetu ikisimama tena kwa ajili ya ripoti, mashine inarudi ilikotoka, na mimi Yudith nyuma yake. Sikumlaumu. Ilikuwa mwaka tisini na sita, soko limeachiwa huru, na kila saa nne asubuhi kiwanda cha mvinyo kilitaka kilo za kila mkulima. Ili zabibu mpya zisichanganye hesabu, kompyuta ilifunga mizani dakika arobaini ikinakili kurasa elfu mbili za wakulima. Jua la Makutupora halina simile, na zabibu zilichachia kwenye foleni.

Dawa niliipata kwa karani mkongwe wa mizani, Mzee Filipo, ambaye bado aliandika kila mzigo kwenye daftari, na kompyuta hakutaka hata kuiona. Wakati wa ripoti, kabla ya kubadili hesabu kwenye ukurasa wowote, alibandika pembeni kwa pini kikaratasi chenye hesabu ya awali, na ripoti akaisoma hapo. Ukurasa usioguswa hakuuhangaikia. Sasa mimi nilinakili yote ya nini? Nilijiona mjinga, nikafurahi. Usiku kucha niliifundisha programu kufanya vilevile.

Kesho yake, saa nne kamili, nilibonyeza kitufe cha ripoti. Mzee Filipo naye akafunga daftari lake saa hiyohiyo, alinganishe hesabu apate kuniumbua. Mizani haikusimama. Kompyuta iliweka kando hesabu za awali za wakulima thelathini na saba tu, wale waliopimiwa ripoti ikiendelea. Wengine ikawasoma walivyo. Ripoti ikatoka. Nilitamani kucheza.

"Imekosea," Mzee Filipo akasema. "Mama Emilia ana kilo sitini na mbili. Hapa hana kitu."

Meneja akanitazama.

"Shikamoo baba," Mama Emilia akasema kutoka kwenye foleni. "Saa nne ulinipimia makreti mawili. Mengine yalikuwa bado kwenye mkokoteni. Dole gumba sikuweka."

Mzigo usiowekewa dole gumba haujapokelewa: sheria hiyo aliiweka Mzee Filipo mwenyewe, na mimi niliiandika kwenye programu neno kwa neno.

Alifungua daftari, akabandika kikaratasi chenye kilo sitini na mbili, ndipo akasahihisha. Kisha akaweka kikopo chake cha pini mezani kwangu.

"Kesho saa nne, mwanangu," akasema, "bonyeza tu, usinisubiri nifunge daftari nikukague."