Mashine Mbili juu ya Meza ya Christiane

Mashine ya mjukuu wangu Christiane, kompyuta yake ya kuandikia, ilikufa siku ya Jumanne asubuhi, mimi nikiwa kando yake nachambua majani ya sombe. Kioo chake kilikuwa na ufa tangu wakati wa mvua, ufa mwembamba kama unywele, tukauzoea. Siku hiyo kikawa cheusi chote.

Christiane anaandikia watu barua. Meza yake iko Kikula, chini ya mwavuli, karibu na ofisi ya komini, ya serikali ya mtaa. Watu wanakuja na maombi ya kazi, karatasi za watoto za shule, mambo ya pansioni, malipo ya uzeeni. Bila mashine, meza ni meza tu. Na shangazi yake wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kusema: mutoto aje huku, auze mu magazini, mu duka ya watu. Christiane hakutaka. Mimi pia sikutaka.

Alhamisi tukaenda kwa Moustapha, anayeuza kompyuta zilizotumika. Akatuwekea mbili.

“Bei ni moja,” alisema. “Hii unagusa kioo na kidole, inatii. Hii ingine ni ya kawaida, unaandika tu. Mupeleke zote mbili, mujaribu mpaka jioni. Minajua kwenu.”

Tukazipeleka mezani Kikula. Ile ya kugusa ilikuwa nyembamba, rangi ya majivu, na karatasi ya duka bado imebandikwa pembeni. Ile ingine ilikuwa nyeusi, pana, na herufi A imefutika kwa kupigwapigwa na mwenyewe wa kwanza.

“Kambo, ona!” Kambo ni bibi, ndivyo anavyoniita. Christiane alisukuma picha kwa kidole, ikateleza. “Minye nachukua hii. Weye unasema nini?”

“Minye nangojea.”

“Aa, Kambo na kungojea! Hata chai unangojea mpaka inzi anakunywa mbele yako.”

Tulicheka. Kisha akafika Baba Barnabé, mstaafu wa kiwanda cha Shituru, na baiskeli yake na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitaka barua ya pansioni. Akaketi kwenye kigoda, ubavuni mwa Christiane, kama wateja wote wanavyoketi. Sisi tuliosoma zamani, mwalimu alitufundisha kuweka kidole chini ya neno. Mpaka leo, barua ambayo kidole hakijapita juu yake hatuiamini.

Christiane akaandika kwenye ile nzuri, haraka haraka. Baba Barnabé akaweka kidole chini ya jina lake. Mstari ukaruka. Akakaza. Nusu ya barua ikageuka buluu, halafu ikapotea.

“Mungu wangu! Nimeharibu mashine ya mutoto!”

Alirudisha mkono kama mtu aliyegusa mbabula yenye makaa, akaikalia mikono yote miwili.

“Papa, hakuna kitu,” Christiane alisema akibonyeza, na kweli maneno yakarudi. “Soma tu, usiguse.”

“Nisome na macho matupu?”

“Ndiyo, Papa.”

Akatazama. “Ni bien, ni vizuri,” alisema mara moja. Lakini mimi nilikuwa ninatazama macho yake, na hayakutembea.

“Baba Barnabé,” niliuliza, “mwaka wa kuanza kazi ni ule wa kweli?”

“Sijue, Mama. Naogopa kusogea.”

Christiane akainama karibu na kioo. Alikuwa ameandika 1987. Karatasi ya mzee ilisema 1978. Miaka tisa ya kazi ya mtu, na angekwenda nayo hivyo hivyo ofisini.

Mjukuu wangu alinigeukia. “Moustapha anasema kile kioo unaweza kukizima kisisikie kidole.” Akafikiri. “Lakini nikikizima, sasa nilikichukulia nini?”

“Na picha zako?” niliuliza, maana nilijua anaipenda.

“Picha ziko mu telefone, Kambo.”

Akaifuta ile nzuri kwa kitenge, akaifunga. Akafungua ile nyeusi, akaandika upya kila kitu, na mwaka wa kweli.

“Papa, toa mikono. Gusa.”

“Kweli?”

“Gusa mpaka uchoke!”

Kidole kilikuja polepole, kikagusa, kikangoja. Maneno yakakaa pale pale. Basi kikaanza safari, mstari kwa mstari, kikiacha alama za jasho. Kwenye mstari wa tatu kikasimama.

“Hapa. Kwa anwani, nyumba yetu iko kilometa ya sita, si ya nne. Na hapa juu, mbele ya jina, weka Monsieur, kama kwa bwana mkubwa.”

“Monsieur, Papa?”

“Kwa kazi nilikuwa namba tu. Weka Monsieur.”

Christiane akaweka, akicheka, na mzee akaipitia barua mara ya pili, sasa kwa kufurahi tu.

Mimi ndiye niliyerudisha ile nyembamba.

“Mama, hii iko na kosa gani?” Moustapha aliuliza.

“Haina kosa. Itapata mwenyewe.”

Niliporudi kulikuwa na watu wanne kwenye benchi, na Christiane hakuinua hata kichwa kunisalimia.