Nipulizie

Papa Athanase, mzee wa kanisa, alifungua chupa yangu ya maji mbele ya waumini wote, akaipeleka puani. Akanusa mara mbili. Hakupata harufu yoyote, na uso wake ulionyesha kwamba hilo nalo alilihesabu kuwa ujanja wangu.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mkalimani wa kanisa letu la Lushebere. Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili, nami niliwageuzia mama wazee kwa Kihunde. Niliipenda kazi hiyo kuliko shamba, kuliko hata mchumba, na sioni haya kusema hivyo. Lakini tangu msimu wa kupanda maharage, nilianza kila ibada na ulimi mwepesi, na baada ya nusu saa maneno yakanitoka yamevimba, kama mtu aliye na kiazi cha moto mdomoni. Nilikunywa maji nilainishe koo. Jumapili hiyo yalinirudia puani. Mama wazee walicheka, wanaume hawakucheka.

"Naomie, iko kasiksi?" Papa Athanase aliniuliza, akimaanisha pombe ya ndizi.

"Haiko pombe, Papa."

Nilikuwa nimetoka kufasiri saa nzima, na jibu lenyewe lilitoka limelewa. Wazee wakanitia chini ya nidhamu ya kanisa: nisisimame tena mbele mpaka nitubu. Nitubu nini?

Nyumbani, mama alinisimamisha kila jioni mlangoni. "Nipulizie." Na mimi, mwanamke wa miaka ishirini na minne, nikampulizia. Alinusa, akakosa, akanusa tena. Hakujua kwamba niliogopa kuliko yeye. Pombe mtu huiacha. Hiki kilichonishika ulimi sikukijua hata jina, wala sikukianza mwenyewe.

Jumanne moja tulipanda pikipiki hadi hospitali ya Mweso. Mama alikuja ili asikie kwa masikio yake daktari atasema nini.

Daktari Astrid hakuninusa. Aliniuliza yalianza lini, kama huwa nakabwa na chakula, kama asubuhi huwa nafuu. Kisha akasema, "Hesabu moja mpaka mia. Kwa sauti. Usipumzike."

Hadi ishirini nilikuwa bado mkalimani. Kwenye thelathini na tano maneno yakaanza kuteleza. Kwenye hamsini sauti ilipitia puani, na kope ya kushoto ikashuka yenyewe. Nilipofika sitini na mbili nilikuwa natoa pumzi tupu. Mama aliinuka kwenye benchi. Tulikuwa pamoja tangu alfajiri, na alijua sikuwa nimeonja chochote ila chai.

"Docteur, andika kwanza haiko pombe," alisema.

"Haiko pombe, Mama. Misuli yake inachoka mbio. Nafikiri iko ugonjwa wa neva na misuli, lakini hapa siwezi kuhakikisha. Nitamutuma Goma wamupime. Dawa iko." Akanigeukia. "Ukikabwa, ao pumzi ikipungua, usingoje kesho. Unakuja saa ile ile. Umenisikia?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akaniambia nifumbe macho, ninyamaze dakika kumi, sauti ingerudi yenyewe. Akatoka kwenda kuandika barua ya Goma.

Tulibaki wawili. Nilimsikia mama akivuta benchi, akiketi karibu nami, akikohoa bila kikohozi.

"Naomie. Papa Athanase hakuona kitu yeye mwenyewe. Ni mie njo nilimwendea. Nilimwambia anuse ile chupa."

Sikufumbua macho. Huko nje muuguzi aliita jina la mtu mwingine, na mtu huyo akaitika.

"Mutoto wangu, unanisikia?" Alinigusa goti, akauondoa mkono. "Ao sauti haijarudi?"

Ilikuwa imerudi. Niliihisi kooni, nyepesi kama ya asubuhi. Nikamwacha aendelee kungoja.